Bunduki ya Babu Haikutoka Abercorn

Siku ya arobaini ya baba mdogo, tulipokuwa tumekaa uani kugawana vitu vyake, shangazi alituacha tumalize habari za mikorosho, mabati na baiskeli, kisha akauliza swali moja tu: "Na ile ya darini?"

Hakuna aliyejibu upesi. Ile ya darini ilikuwa bunduki. Wote tulijua ipo, imeviringishwa gunia la katani na kulazwa juu ya boriti, na tangu utotoni tulikatazwa hata kuielekezea kidole. Hadithi yake tulinyweshwa pamoja na uji. Babu yake baba yangu, ambaye sisi wote humwita Babu tu, alikuwa askari wa Mjerumani. Alimfuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, tangu mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hadi mwisho, akavuka naye Ruvuma kwenda na kurudi, akasalimu amri pamoja naye Abercorn, mji ulio Zambia ya leo, mwaka 1918, kisha akarudi Masasi kwa miguu, bunduki begani.

Ilikuwa Septemba 2022. Ninautaja mwezi huo kwa sababu ulitusaidia: Septemba na Oktoba mwaka ule serikali ilikuwa imetoa nafasi kwa yeyote mwenye silaha isiyo na kibali kuisalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Binamu yangu alitaka tuiuze. Kuna kijana wa bodaboda alishamnong'oneza kwamba yupo mtu wa kununua. Mwingine alitaka tuirudishe darini na kunyamaza kama walivyonyamaza wazee. Mimi nilisema twende polisi, lakini kabla haijaondoka mikononi mwetu tujue ni nini, imetoka wapi na ina thamani gani. Mambo hayo matatu yalituchukua kama wiki tatu. Ninayaandika kwa kirefu kwa sababu najua familia nyingi za Mtwara, Lindi na Ruvuma zina ya darini yao.

Nianze na jambo ambalo lingeweza kutuua. Hatukuifungua gunia nyumbani. Tulimwambia mtendaji wa kijiji, naye akapiga simu kituoni. Wakaja askari wawili, mmoja wao fundi wa silaha, mtu wa makamo mwenye mikono ya polepole. Aliifungua nje, chini ya mwembe, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye kichuguu, na sisi sote nyuma yake. Jambo la kwanza alilofanya halikuhusu historia. Alichukua ufito mwembamba wa mwanzi, akauteremsha ndani ya mtutu kupitia mdomoni hadi ukagota, akauwekea alama kwa ukucha. Kisha akautoa na kuulaza nje, sambamba na mtutu. Kama bunduki ni tupu, ncha ya ufito inapaswa kufika nyuma kabisa, pale moto unapoingilia. Ufito wake uliishia kiganja kizima kabla ya hapo.

"Imeshindiliwa," alisema.

Kwa miaka isiyojulikana tulikuwa tumelala chini ya bunduki yenye baruti. Baruti nyeusi haichachi kama unga. Ikikaa pakavu hubaki na nguvu zake miaka na miaka, na dari la bati juu ya jiko la kuni ni pakavu kuliko ghala lolote. Fundi yule alimimina maji ndani ya mtutu, akayaacha, akamimina tena, kisha akatumia ufito wenye parafujo nchani kuvuta vilivyomo: kitambaa kilichooza, vipande vya chuma vilivyokatwa kwa tindo, kitambaa kingine, na uji mweusi uliokuwa baruti. Ukiwa na ya darini kwenu, soma aya hii mara mbili kabla ya kuendelea.

Hapo pia hadithi yetu ilianza kuleta maswali. Bunduki za jeshi katika vita ile hazikushindiliwa kwa mdomo. Zilitiwa risasi nyuma, yenye ganda lake la shaba. Inayoshindiliwa kwa mdomo ni gobori, na gobori ni silaha ya mwindaji wa kijijini. Je, tulikuwa tumetunza gobori la kawaida miaka mia moja tukidhani ni bunduki ya Mjerumani?

Fundi akaigeuza, akaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, naye akashangaa kama sisi. Chini ya kutu kulikuwa na herufi. Upande wa kushoto wa sanduku la chuma linalobeba komeo mliandikwa kwa hati ile ya Kijerumani ya zamani, yenye kona kali: I.G.Mod.71. Juu ya mtutu, pale ulipochongwa bapa, taji dogo na neno Spandau. Na mwaka: 1877.

Kifupi kile ni cha Infanterie-Gewehr, yaani bunduki ya askari wa miguu, modeli ya 1871. Ndiyo Mauser ya kwanza ya jeshi la Ujerumani, na Spandau, karibu na Berlin, palikuwa na kiwanda cha silaha cha serikali ya Prussia. Hii si ile Mauser ambayo watu wengi wanaifahamu, yenye risasi tano ndani. Ya 1871 hubeba risasi moja tu. Unafungua komeo, unatia, unafunga, unapiga, unafungua tena. Haina hata kidude cha kurusha ganda nje. Askari hulazimika kuiinamisha ili ganda lidondoke. Risasi yake ni nene, milimita 11, kipande cha madini ya risasi chenye uzito wa gramu 25 hivi, kinachosukumwa na baruti nyeusi. Mdomo wa mtutu wetu uliingia ncha ya kidole changu cha mwisho, na ndani, fundi alipomulika kwa tochi ya simu, tuliiona mifereji minne ikizunguka kwenda kulia. Bunduki ya Kiingereza ya vita ile ilikuwa na tundu la milimita 7.7, ya Kijerumani mpya 7.92, ya Kireno 6.5. Kwa kidole tu unaweza kuzitenga.

Urefu nao ulitupa jibu, ingawa si kwa njia ya kawaida. Bunduki hii ikiwa nzima ina urefu wa sentimita 134 na nusu. Yetu ilikuwa fupi kuliko hapo, kwa sababu mti wote wa asili ulikuwa umeondoka. Kitako kilikuwa cha mninga, kimechongwa kwa mkono na mtu aliyejua kazi, na kimefungwa kwa waya wa shaba mahali palipopasuka. Kwa hiyo tuliupima mtutu peke yake: sentimita 85 na ushee, kipimo cha bunduki ya askari wa miguu. Zilikuwepo nyingine fupi za modeli hiyohiyo, za wapiga shabaha na za wapanda farasi, na hizo zingepungua sentimita kumi au zaidi kwenye mtutu. Tulizitoa kwenye hesabu.

Halafu fundi alituonyesha kilichofanyika baadaye. Komeo lilikuwa limechomelewa kwa shaba, halifunguki tena. Mahali pa kukaa risasi pamezibwa kwa kigingi cha chuma, na ubavuni pametobolewa tundu dogo lenye chuchu ya kuvalishia fataki. Mtu alikuwa ameichukua bunduki ya jeshi na kuigeuza gobori. Alifanya hivyo kwa akili kabisa: risasi za milimita 11 zilikoma kupatikana, lakini baruti mtu aliweza kuitengeneza na fataki kuzinunua au kuziunga. Namba iliyopigwa kwenye shina la mkono wa komeo haikulingana na namba ya mtutu. Ina maana kwamba kabla hata ya kufika kwa fundi wetu wa kijijini, vipande vya bunduki mbili vilishachanganywa, pengine katika karakana ya jeshi.

Kitu kimoja nilikitafuta kwa hamu na sikukipata. Silaha za jeshi la koloni, Schutztruppe, mara nyingine zilipigwa herufi Sch. D. O. A., kifupi cha Schutztruppe Deutsch-Ostafrika, pamoja na namba. Alama za kikosi mara nyingi ziliwekwa kwenye bamba la chuma la kitako au kwenye pete inayoushika mtutu. Bamba letu liliondoka na kitako cha asili. Pete zimebaki moja, nayo ni chakavu, haina herufi. Nilikaa na ile pete mkononi muda mrefu, naikiri huzuni yangu. Herufi sita zingetosha kumaliza ubishi.

Basi ikabidi hadithi yenyewe ipimwe.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa amebaki na Wazungu 155, askari 1,156 na wapagazi wapatao 1,600. Silaha alizokabidhi zilihesabiwa na yeye mwenyewe aliziandika: mzinga mmoja wa Kireno, bombom, yaani bunduki za rashasha, 37 ambazo saba tu kati yake zilikuwa za Kijerumani, na bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno. Bunduki za Kijerumani hazimo. Jeshi lile lilimaliza vita likipigana kwa silaha za adui zake.

Na hilo lina mantiki ukiifuata vita tangu mwanzo. Mwaka 1914 kampuni nyingi za askari weusi bado zilikuwa na hii Mauser ya 1871, ambayo kila ukipiga inatoa wingu la moshi linalomwambia adui uko wapi. Ilikuwa silaha ya baba zao. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walipokimbilia melini, waliacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi laki kadhaa, na askari wakaanza kubadilisha. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na kuzama kwenye maji mafupi, lakini shehena yake ya bunduki na risasi ikaopolewa kwa kiasi kikubwa. Tarehe 25 Novemba 1917, mwaka mmoja kamili kabla ya Abercorn, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaivamia ngome ya Wareno ya Ngomano, akapata bunduki mpya na robo milioni ya risasi. Zile za moshi zilizosalia hazikuwa na kazi tena. Askari aliyefika Abercorn na Mauser ya 1871 begani angekuwa amebeba kilo nne na nusu za mzigo usio na risasi, kwa mwaka mzima, kutoka Msumbiji hadi Rhodesia ya Kaskazini. Hata kama angefanya hivyo, askari waliosalimu amri walinyang'anywa silaha. Hakuna aliyeruhusiwa kurudi kwao nayo.

Nilipomweleza binamu yangu haya, alikasirika. "Unamfanya Babu mwongo." Namwelewa. Lakini bado bunduki ilikuwa pale, ya Spandau, ya 1877, kwenye dari la nyumba yetu Masasi. Ilifika kwa njia fulani.

Je, ilinunuliwa kabla ya vita? Njia hiyo ni nyembamba. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza kuingiza Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta, bunduki zenye mifereji na zile za kutia risasi nyuma. Walichoruhusu wauziwe Waafrika kilikuwa magobori ya kawaida na baruti ya kawaida. Magendo yalikuwepo, lakini baada ya Majimaji ya 1905 hadi 1907 Wajerumani walizisaka bunduki za wenyeji kusini nzima. Mtu wa Masasi kuwa na bunduki ya jeshi la Kaiser hadharani wakati ule ni kujitafutia kamba.

Inabaki Novemba 1917, na hapo ramani inasema kwa sauti. Baada ya mapigano ya Mahiwa mwezi Oktoba, Wajerumani walirudi nyuma hadi Chiwata, kisha wakapanda uwanda wa Wamakonde hadi Nambindinga, huku Waingereza wakiwafuata. Chiwata iko wilayani Masasi. Kutoka nyumbani kwetu ni mwendo wa siku moja kwa mtu mwenye miguu mizuri. Pale juu Lettow-Vorbeck aliamua kupunguza jeshi. Dawa ya kwinini ilikuwa inaisha, risasi zilikuwa zinaisha, chakula hakipo. Akachagua kama askari elfu mbili wenye afya, na wengine wote, mamia ya askari wagonjwa na majeruhi pamoja na Wazungu wengi, wakaachwa wachukuliwe na Waingereza. Siku chache baadaye, tarehe 28 Novemba, Kapteni Tafel, aliyekuwa anakuja kutoka Mahenge na askari zaidi ya elfu moja kuungana naye bila kujua yuko wapi, alikwama karibu na Ruvuma bila chakula na kusalimu amri. Kabla ya hapo watu wake waliharibu silaha. Ndani ya wiki mbili ardhi yote ile, kutoka Chiwata hadi mtoni, ilikuwa imejaa bunduki za zamani zisizo na wenyewe: zilizotupwa, zilizofukiwa, zilizovunjwa vitako ili adui asizitumie.

Zilizovunjwa vitako. Nilirudi kukitazama kile kitako cha mninga. Askari anayeharibu bunduki haraka huishika mtutu na kuipiga kitako kwenye jiwe au mti. Mti hupasuka, chuma hubaki.

Mpaka hapo nilikuwa nimetumia mikono na vitabu. Kilichobaki kilikuwa kwa shangazi, na najilaumu kwamba nilimfuata mwisho badala ya mwanzo. Ana miaka 87, na Babu alimlea. Nilikwenda kwake jioni, nikamsimulia niliyoyapata, pole pole, nikiogopa kumuudhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa anapembua mbaazi.

"Nani alikuambia Babu alikuwa askari?" aliniuliza.

Nikamwambia, kila mtu.

"Babu alikuwa anabeba, mwanangu. Alichukuliwa shambani akiwa kijana, akafungwa kamba na wenzake, akabebeshwa. Mguu wake huu," akajigusa muundi, "ulikuwa na kovu la donda la njia. Aliachwa Chiwata kwa sababu hawezi kutembea. Kuhusu bunduki alikuwa akisema, 'niliifukua'. Kitako alichonga mwenyewe. Habari za Abercorn aliziongea baba yenu, si yeye."

Nilimuuliza kwa nini hakutusahihisha miaka yote hiyo. Akasema wanaume walikuwa wanaipenda ile hadithi, na hapakuwa na mtu aliyemuuliza.

Nimelifikiria jibu hilo sana. Ukisimama mbele ya Sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, unamwona mtu mmoja wa shaba, bunduki na singe mbele, ameielekea bandari. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini hayupo mpagazi hata mmoja juu pale. Upande wa Waingereza peke yake walikufa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Jina lao limebaki kwenye soko, Kariakoo, na wengi wanaonunua pale nyanya na vitenge hawajui kwamba ni Carrier Corps hilo. Upande wa Mjerumani hawakuandikwa hata hivyo. Basi ninawaelewa wazee wetu waliompandisha Babu cheo baada ya kufa. Askari walikuwa na hadithi za kusimulia. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani waliobaki, wazee walifika Mwanza wengi wao bila cheti chochote, na mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamrisha kwa Kijerumani gwaride la bunduki. Na hakuna aliyekosea. Hakuna ufagio wa kumthibitisha mpagazi. Yeye anao muundi wenye kovu, na ukishazikwa umezikwa.

Sasa thamani, ambayo ndiyo iliyomleta binamu yangu mezani.

Nje ya nchi, Marekani na Ulaya, Mauser ya 1871 iliyo kamili, mti wake wa asili, namba zinazolingana, huuzwa kwa dola mia kadhaa, na nzuri sana huvuka elfu. Yenye alama halali za Schutztruppe huuzwa kwa bei ya juu zaidi, kwa kuwa ni chache na wakusanyaji wanazigombania, na kwa sababu hiyohiyo wapo wanaopiga alama za uongo. Yetu kwa mizani ya watu hao haina kitu. Mti si wake, komeo limechomelewa, namba hazilingani, alama ya kikosi haipo. Angeinunua mtu wa kutundika ukutani, kwa bei ambayo haifikii hata gharama ya kuipakia. Na kuisafirisha kungehitaji vibali ambavyo familia ya kijijini haivipati.

Hapa nyumbani soko halipo kabisa, na hili nalisema bila kupaka mafuta. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 haitofautishi kwa urahisi kati ya kumbukumbu ya babu na silaha. Gobori linalopiga ni silaha, na kurithi hakukupi haki ya kukaa nalo bila polisi kujua. Kijana wa bodaboda alikuwa ametaja laki tatu. Ninajua, na binamu yangu anajua, gobori la laki tatu linakwenda kufanya nini porini upande wa Selous na Niassa. Siku ikikamatwa, aliyeuza anatafutwa kwa jina. Wapo pia waliotuuliza kama ndani ya kitako hamkuwa na ramani ya mali za Mjerumani. Kusini watu wamechimba hadi misingi ya makanisa kwa habari hizo. Kitako alikichonga Babu. Hakuna Mjerumani aliyeficha kitu humo.

Nilidhani basi sheria ya mambo ya kale itaiokoa. Nayo haikufika. Sheria ya 1964 inakihesabu kuwa mabaki ya kale kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863. Bunduki yetu imechelewa kwa miaka kumi na minne. Kisheria, kwa hiyo, ilikuwa silaha ya kusalimishwa tu, na silaha zinazosalimishwa huishia kuteketezwa.

Lakini kile kinachoishushia bei kwa mkusanyaji ndicho kinachoipa maana kwetu. Za Spandau zisizoguswa zimejaa makumbushoni Ulaya, kila moja inafanana na mwenzake. Ya darini kwetu ina historia ndani ya mwili wake: kiwanda cha Prussia, meli, karakana ya koloni iliyochanganya vipande, jeshi lililoivunja likikimbia, mpagazi mgonjwa aliyeifukua, mninga wa Masasi, fundi wa kijiji aliyeifunga nyuma na kuifungua mbele. Mtu akiuliza Vita Kuu ilituachia nini kusini, mimi ningemwekea hiyo mezani. Kwa hiyo tuliamua kuitunza kwa njia tuliyoiweza kabla haijaondoka.

Tuliipiga picha mchana wa jua la pembeni, saa kumi jioni, kwa sababu jua la saa sita hufuta herufi. Kila alama tuliiwekea karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa penseli laini mpaka herufi zikajitokeza. Njia hiyo ilinipa tarakimu mbili za namba ambazo jicho halikuziona. Hatukuisugua kwa msasa wala kuipaka rangi, na ninawasihi wenye zao wasithubutu, maana alama za miaka mia na arobaini huondoka kwa dakika moja ya msasa. Shangazi tulimrekodi kwa simu, saa moja na nusu, kwa maneno yake, na nikayaandika yote bila kuyanyoosha. Nakala moja ya vyote hivyo, pamoja na barua ya kuomba bunduki ihifadhiwe isiteketezwe, tuliipeleka kwa watu wa makumbusho. Nyingine iliambatanishwa na fomu ya kituoni. Fundi wa silaha aliiandikia maelezo yake mwenyewe, kwamba komeo limeshafungwa kwa shaba na mtutu ukizibwa kabisa haitaweza kupiga tena. Alifanya hivyo bila kuombwa, na namshukuru.

Siku ya kuikabidhi shangazi alitaka kuja. Tulimpakia kwenye bajaji, kanga mbili na mkongojo, akakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka tukaitwa. Kijana wa kaunta alijaza fomu kwa kuuliza: aina, namba, hali. Akafika kwenye maelezo ya namna silaha ilivyopatikana, akanitazama mimi. Mimi nikamtazama shangazi.

"Andika," alisema, "ilifukuliwa Chiwata, wakati wa vita ya Wajerumani, na mpagazi."

Kijana aliandika. Shangazi akamwomba aisome tena, akaisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaweka dole gumba kwenye wino.

Stakabadhi anayo yeye, kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake.